Kimya cha Kifua

Mlio ule ulirudi nyumbani mchana wa jua kali, Bi Mwiko akiwa ameinamia sinia anachambua mchele. Alikuwa anamsimulia mjukuu wake kisa cha mwalimu mkuu aliyekuwa akijifungia stoo ya shule kula ukoko, na alikuwa amefika mahali patamu kabisa, mwalimu amenaswa ndani, ufunguo umemkatikia kitasani, alipousikia. Ulikuwa mwembamba, kama waya unaovutwa kwenye tundu dogo. Ulianza, ukakatika, ukaanza tena. Mikono yake ikaganda juu ya sinia.

"Bibi, endelea. Mwalimu akafanyaje?"

"Umekimbia wewe?"

"Hapana. Nimekaa hapa hapa."

"Sogea nikuone."

Mtoto akasogea. Bi Mwiko akamwekea sikio mgongoni, na humo ndani, nyuma ya mifupa midogo ya mbavu, akamsikia mwanawe. Si mfano wa mwanawe, si kitu cha kumkumbusha. Ni yeye hasa, na kile kifilimbi chake cha kila alfajiri, alichokuwa akikifanyia mzaha kwamba ameajiri mpiga zumari na bado hajamlipa.

Jina la Bi Mwiko alipewa na watoto wa shule. Alikuwa amewapikia nusu ya maisha yake, akikoroga masufuria kwa mwiko mrefu kuliko yeye mwenyewe. Waliomjua kwa karibu walisema jina lilimfaa kwa sababu nyingine: nyumba yake ilijaa miiko. Usinywe maji umesimama. Usioge una jasho. Usilale na nywele mbichi. Baada ya mwanawe, fundi redio, kufariki, miiko iliongezeka, na karibu yote ilihusu kifua. Mjukuu wake, msichana mwembamba ambaye baba yake alimwita Shomoro kwa kelele alizozaliwa nazo, alikuwa amekua akifungwa vitambaa shingoni hata siku za joto.

Jioni mkwe wake, mama wa Shomoro, aliporudi, bado ananuka mvuke na wanga wa kazini, Bi Mwiko hakumwambia kitu. Mkwe alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi, na kutwa nzima ya kusimama ilimfanya avue viatu mlangoni kabla hajasalimia. Alimwita mtoto amvutie kiti. Mtoto akakivuta, na kabla kiti hakijafika mama akawa amekwisha inua kichwa kutoka kwenye viatu.

"Rudia kupumua," alisema.

Akasikiliza. Kisha akamtazama mama mkwe wake, na kila mmoja akajua kwamba mwenzake amejua.

*

Kliniki waliwapa dawa mbili za kuvuta, zile ambazo kila mtu huziita pampu. Mkwe aliziweka mezani akarudia alivyoelekezwa, polepole, kama mtu anayeogopa kusahau.

"Hii ya kahawia ni ya kila siku, asubuhi na jioni, awe anaumwa asiwe anaumwa. Inatuliza uvimbe wa ndani. Hii ya buluu ni pale kifua kinapobana tu. Inafungua njia." Akatoa na chupa ya plastiki iliyotobolewa kitakoni. "Pampu inaingia hapa, mdomo unakaa hapa. Anavuta taratibu, kwa zamu. Mtoto hawezi kuwahi dawa ikipulizwa moja kwa moja."

Bi Mwiko hakuitazama chupa. Aliitazama pampu ya buluu, akaitambua kama mtu anavyomtambua mwizi wake sokoni.

"Hiyo haikai katika nyumba yangu."

Nyumba haikuwa yake. Vilikuwa vyumba viwili vya kupanga, katika uwa wa wapangaji wengi, na aliyevilipia alikuwa mkwe. Mkwe angeweza kulisema hilo. Hakulisema, na kwa kuwa hakulisema likakaa pale mezani katikati yao, kama sahani ya mgeni ambaye hakuja.

"Mama, ni dawa."

"Mwanangu alikufa nayo mkononi. Nilimfungua vidole mimi mwenyewe, kimoja kimoja. Ilikuwa buluu hii hii."

"Alikufa kwa pumu, mama."

"Hukuwepo."

Kweli hakuwepo. Siku ile alikuwa kazini, akinyoosha mashuka ya watu, na walipomfuata hawakumwambia kilichotokea, walimwambia tu avue aproni. Na pampu ile ya buluu ni yeye aliyemnunulia mumewe. Bi Mwiko hakuwahi kumtamkia neno la lawama kwa kinywa. Alilisema kwa njia nyingine: kwa namna alivyopokea sahani ya chakula bila kuinua macho, kwa namna alivyosema "mke wa marehemu" mbele ya wageni badala ya "mwanangu."

"Atatumia," mkwe alisema. "Katika hili, mama, nisamehe. Atatumia."

Akazipanga dawa juu ya kabati, chupa katikati. Usiku ule Shomoro alikula akiwatazama kwa zamu.

*

Siku za mwanzo mkwe alisimamia mwenyewe, kabla ya kwenda kazini na baada ya kurudi. Bi Mwiko aligeuza uso ukutani kila aliposikia chupa ikipumuliwa. Lakini zamu za duka zikabadilika, mkwe akawa anaondoka kungali giza, na dawa ya asubuhi ikabaki mikononi mwa bibi na mjukuu.

Shomoro mwenyewe hakuipenda. Shuleni siku moja kifua kilimbana kwenye mbio, akavuta pampu mbele ya darasa zima, na kabla ya kengele ya kurudi nyumbani walikuwa wamempa jina la Filimbi. Mwalimu wa michezo, kwa nia njema kabisa, alimwekea kiti chini ya ukuta na kumwambia awe anashika viatu vya wenzake. Alivishika. Akarudi nyumbani ana vumbi la viatu vya watu kwenye sketi.

Jirani wa chumba cha tatu, mwanamke aliyekuwa na jibu la kila kitu, alisimama mlangoni siku hiyo hiyo akasema, "Huyo mkimzoesha hiyo kitu imekwisha. Haiachiki. Ni kama sigara. Na msichana, baadaye nani atamchukua na mfuko wa dawa?"

"Ana mbavu za kuolewa huyu?" Bi Mwiko alimjibu. "Toka hapa."

Lakini maneno yale yakabaki chumbani baada ya jirani kuondoka. Kesho yake asubuhi, mtoto akiwa amesimama mbele ya kabati na chupa mkononi, Bi Mwiko alimwuliza kwa sauti ya chini, "Unaumwa leo?"

"Siumwi."

"Kifua kinabana?"

"Hakibani."

"Sasa mtu mzima wa afya anakunywa dawa ya nini?"

Mtoto akacheka. Ndivyo walivyoanza. Bibi alimpa maji ya moto yenye tangawizi, akamfunga kitambaa shingoni, akamwambia kifua ni kama mtoto mvivu, ukikibeba kila siku hakitajifunza kutembea. Chupa ikarudi juu ya kabati kavu. Mkwe aliporudi akauliza, "Umevuta asubuhi?" na mtoto akajibu, "Nimevuta," akimtazama bibi yake kwa pembe ya jicho. Bi Mwiko akainama kufuta meza ambayo haikuwa na kitu.

Mambo yakaenda vizuri, na hilo ndilo lililomdanganya. Asubuhi zikafuatana bila mlio. Mkwe akirudi amechoka, akawa anasikia kwamba na ya jioni imekwisha vutwa, akaamini. Bi Mwiko alitembea uwani kifua mbele kama mtu aliyeshinda kesi. Hata alipoanza kumsikia mtoto akikohoa usiku, kikohozi kidogo kikavu, alijiambia ni baridi. Hata alipomwona anapumzika katikati ya ngazi nne tu za uwani, alijiambia ni kukua.

Siku moja mtoto alimwuliza, "Bibi, baba aliuawa na pampu kweli?"

Bi Mwiko alikuwa anamchana nywele. Kitana kilisimama.

"Nani kasema?"

"Wewe. Ulimwambia mama."

"Nilimwona nayo mkononi," alisema. Halafu, kwa kuwa mtoto aliendelea kungoja, "Tulia nikusuke."

Jioni hiyo aliichukua pampu ya buluu juu ya kabati akaifunga kwenye pindo la nguo yake. Mkwe akiulizia angesema imeanguka nyuma ya kabati. Mkwe hakuulizia.

*

Mwenye nyumba aliamua kupaka rangi mageti na milango yote. Fundi rangi alifika mchana wa Jumamosi na ndoo zake, akapanda ngazi uwani, akawasha redio ndogo, akaanza kazi huku akiimba vibaya. Rangi ilikuwa ya mafuta. Harufu yake iliingia katika kila chumba ikakaa. Mkwe alikuwa kazini. Jumamosi ndiyo siku ya mashati.

Shomoro alikohoa mara moja, akakohoa tena, kisha hakuacha. Bi Mwiko alifunga dirisha na mlango. Chumba kikawa kama sufuria iliyofunikwa, harufu ndani yake.

"Kaa. Kunywa maji ya moto."

Mtoto alikaa kwenye kiti cha mbao, akaegemeza mikono magotini. Maji aliyapokea akashindwa kuyanywa, kwa sababu kumeza kulihitaji kuacha kupumua, na hakuweza kuacha. Mabega yake yalipanda na kushuka. Pale chini ya shingo, kwenye kishimo kati ya mifupa, ngozi ilikuwa ikinyonywa ndani kila alipovuta hewa. Na mlio ule sasa haukuhitaji sikio mgongoni. Ulijaa chumba kizima.

"Bibi," alisema. Akavuta. "Pam." Akavuta. "Pu."

Bi Mwiko alishika pindo lake. Kile kitu kilikuwa pale, kigumu, kidogo. Alikifungua akakishika kiganjani. Mtoto alinyoosha mkono.

Hakumpa. Baadaye, alipotaka kujieleza, hata kwa nafsi yake, hakupata maneno ya kueleza ni kwa nini. Alikuwa amesimama na dawa mkononi, na kwenye kiti cha mbao hakumwona mjukuu wake. Alimwona mtu mzima, fulana imeloa jasho, nywele zimejaa vumbi la redio za watu, amekaa vile vile, mikono magotini, anamtazama vile vile. Alijua kwamba akimpa atakufa. Alijua hivyo kama anavyojua moto unaunguza.

"Ngoja kidogo," alisema. "Kitapita. Ngoja, mama yangu. Vuta taratibu."

Akakaa chini mbele yake akaanza kumsugua mgongo, akaanza kuongea, maana kuongea ndiko alikojua. Alimaliza kisa cha mwalimu mkuu. Alieleza jinsi walivyolazimika kuita fundi wa kufuli, jinsi mwalimu alivyotoka stoo na ukoko mfukoni akasema alikuwa anakagua panya. Aliongea na kusugua, na mlio ukaanza kupungua. Ukawa mwembamba. Ukawa unakuja pumzi moja na kuruka nyingine.

Kisha ukaisha.

Bi Mwiko aliacha kusugua. Uwani redio ya fundi rangi ilikuwa ikicheza, na chumbani mlikuwa kimya. Furaha ilimpanda mpaka kooni. "Umeona?" alisema. "Nimekwambia kitapita."

Akainuka amletee maji ya kunawa uso, na mkono wake ulikuwa umekwisha gusa kata ya maji alipousimamisha. Kwa sababu alikuwa amewahi kusimama hivi. Alikuwa amewahi kusikia mlio ukipungua hivi, ukikatika hivi, akasema neno hili hili, "umeona," akampa mwanawe mgongo, akaenda jikoni kuteremsha chungu kwa moyo mweupe kabisa. Na aliporudi, yule aliyemwacha ametulia kwenye kiti alikuwa ametulia moja kwa moja.

Haikuwa pampu. Kilichomjia mwanawe mwisho hakikuwa pampu. Kilikuwa hiki kimya.

Aligeuka. Mtoto alikuwa na macho wazi, yanatazama mahali ambapo hapakuwa na kitu. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, na kucha zake vile vile. Mabega yalikuwa bado yanapanda, kidogo sana, lakini hapakuwa na sauti, kwa sababu hapakuwa na hewa iliyokuwa ikipita.

"Shomoro!"

Kichwa kikaanguka mbele.

Bi Mwiko alipiga ukelele ambao wapangaji waliukumbuka kwa miaka. Wakati anaupiga, mikono yake ilikuwa tayari juu ya kabati, ikichukua chupa. Alikuwa amegeuza uso ukutani kila mara, lakini masikio hayageuki. Alijua kila hatua. Alitikisa pampu, akaisukuma kwenye chupa, akauweka mdomo wa chupa katikati ya midomo ile ya majivu, akabonyeza.

"Vuta. Vuta, mama. Vuta kidogo tu."

Mtoto akavuta kidogo sana. Akabonyeza tena. Mlango ulifunguliwa kwa kishindo na fundi rangi akaingia, brashi bado mkononi, akatazama, akaitupa brashi uwani.

"Nina pikipiki," alisema.

"Sitaki pikipiki, nataka hospitali!"

"Ndiyo hiyo, mama, panda!"

Walipanda watatu. Fundi mbele na rangi ya kijani mpaka viwikoni, mtoto katikati, Bi Mwiko nyuma na mwili wake mkubwa, miguu inaning'inia, kitambaa kimeruka njiani, kichwa wazi mbele ya mji mzima. Mkono mmoja ulimkumbatia mtoto, mwingine ulishika chupa usoni pake. Kila barabara ilipowaruhusu kwenda polepole alibonyeza. Tumbo lake lilikuwa kwenye mgongo wa mtoto, na kwa ngozi aliusikiliza ule mgongo. Aliyekuwa akiuogopa ule mlio kuliko kitu chochote duniani sasa aliomba usikike. Karibu na geti la hospitali ukasikika, uzi mwembamba kabisa, na Bi Mwiko akalia kwa sauti juu ya pikipiki.

*

Walimlaza kitanda kilichoinuliwa upande wa kichwa. Walimvika barakoa inayotoa moshi wa dawa pamoja na oksijeni, wakambana kidole kwa kibanio chenye taa nyekundu, wakamchoma sindano. Bi Mwiko alisimama ukutani, kichwa wazi, bega lina rangi ya kijani. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyempa kiti.

Hali ilipotulia, muuguzi, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya kuchoka, alimsogelea.

"Mmefika kwa nafasi finyu sana, mama. Mlimpa ya buluu njiani?"

"Nilimpa."

"Mmefanya vizuri. Mngekuja mikono mitupu, tungekuwa tunaongea mengine."

Bi Mwiko alimeza mate. "Ule mlio ulikatika. Kabla. Mlio ulikatika kabisa, nikadhani amepona."

"Wengi hudhani hivyo." Muuguzi alikunja kiganja chake kikawa kama bomba. "Njia za hewa ziko hivi. Pumu ikishika zinavimba kwa ndani, misuli inazikaza kwa nje, makohozi yanaziba. Hewa inaingia kwa shida, na kutoka ni shida zaidi, kwa hiyo mapafu yanajaa hewa chakavu na nzuri haipati pa kuingilia. Ule mlio ni hewa inajipenyeza. Maana yake bado kuna upenyo. Ukinyamaza na mtu bado anahangaika, upenyo umefunga. Damu haipati oksijeni, ndiyo maana midomo inabadilika. Mtu anasinzia, watu wanasema amelala."

"Na mtu mzima?" Bi Mwiko aliuliza. "Mwanamume mzima, ana pampu ya buluu, anaivuta kutwa nzima, kila siku. Anaivuta halafu ananyamaza."

"Aliyekuwa anaivuta kutwa nzima alikuwa anafungua mlango huku nyumba inaungua. Ya buluu haizimi moto. Alihitaji ya kahawia, na siku hiyo alihitaji hospitali." Muuguzi alimtazama vizuri kidogo. "Ni nani huyo?"

"Mtu mmoja," Bi Mwiko alisema.

Mkwe aliingia mbio na aproni yake, vifungo vya shati la mtu mwingine bado vimejaa mfuko wa mbele. Alikwenda moja kwa moja kitandani, akaweka kiganja kifuani pa mtoto, akafumba macho. Daktari, msichana aliyeonekana mdogo kuliko yeye, alifika na kalamu.

"Mtoto anatumia ya kahawia kila siku?"

"Ndiyo," mkwe alisema. "Asubuhi na jioni. Hakosi."

"Ajabu. Unatumia, mdogo wangu?"

Shomoro, nyuma ya barakoa, alizungusha macho mpaka yakampata bibi yake ukutani. Akatikisa kichwa kukubali. Ndiyo.

Hapo ndipo Bi Mwiko alipoona alichokuwa amemfundisha. Mtoto aliyekuwa amenusurika kwa nafasi finyu alikuwa anatumia pumzi zake za kwanza kumlinda yeye.

"Anadanganya," alisema. Sauti yake, iliyozoea kuita watoto mia tano waje na sahani, ilijaza wodi, na wenye wagonjwa wengine wakageuka. "Hatumii. Hajatumia tangu mwezi uliopita. Mimi nilimkataza. Na ya buluu nilikuwa nimeificha mimi, hapa, kwenye nguo."

Daktari aliacha kuandika. Mwanamke wa kitanda cha pili alisema "Mungu wangu" kwa sauti ya kusikika. Mkono wa mkwe ulibaki kifuani pa mtoto, lakini vidole vilikunjana.

*

Walizungumza kwenye korido, jua la jioni likiwa limelala sakafuni, watu wakipita na vyombo vya chakula. Mkwe alisimama. Bi Mwiko alikaa kwenye benchi, akitazama viatu vyake.

"Ulitaka afe?"

"Nilitaka aishi."

"Kila jioni nilimwuliza. Kila jioni, mama. Ulikuwa unafuta meza."

"Nilikuwa nafuta meza."

Mkwe alicheka kicheko kifupi kibaya. Alitembea mpaka dirishani, akarudi.

"Miaka yote hii," alisema, "ulikuwa unaamini ni mimi niliyemwua mume wangu. Kwa sababu niliinunua."

Bi Mwiko angeweza kusema hapana. Aliufungua mdomo kusema hapana.

"Ndiyo," alisema. "Niliamini. Leo ndiyo nimejua. Alikuwa amekaa, kifua kinalia, mimi niko naye. Kikanyamaza. Nikamwambia, umeona? Nikaenda kuteremsha chungu. Nikakikoroga kabisa, mwanangu. Nikaonja chumvi."

Habari za siku ile mkwe alizipata zote, mochwari, sanda, nani alilia na nani hakulia, lakini hili la chungu hakuwahi kulisikia. Alikaa kwenye benchi, si karibu na mama mkwe wake, mwisho mwingine kabisa, na akaficha uso katika aproni. Bi Mwiko alinyoosha mkono, ukafika nusu ya benchi ukarudi.

"Nenda nyumbani, mama," mkwe alisema ndani ya kitambaa. "Nitalala naye mimi. Leo siwezi kukuangalia."

Bi Mwiko aliinuka. Getini alimkuta fundi rangi bado anamngoja, amekaa juu ya pikipiki yake, rangi imemkaukia mikononi. Alimrudisha uwani bila kumwuliza chochote, na alipomshusha, Bi Mwiko aliingia akafungua lile dirisha alilokuwa amelifunga.

*

Mtoto alirudi nyumbani baada ya siku chache, amekonda, ana njaa na hasira ya kukosa sherehe ya shule. Mkwe hakumfukuza Bi Mwiko, na jirani wa chumba cha tatu alisikitika kidogo kwa hilo. Lakini mkwe alichukua dawa zote akaziweka kwenye begi lake la kazini. Alikwenda shuleni kuongea na mwalimu wa michezo, na Shomoro akaruhusiwa kukimbia, pampu ya buluu ikiwa mfukoni mwa kaptura yake. Asubuhi mkwe alimwamsha mtoto kungali giza, akamvutisha mwenyewe, akaondoka. Baada ya shule mtoto alikwenda kukaa dukani nyuma ya meza ya kupokelea nguo. Bi Mwiko alishinda peke yake. Alipika, akafagia, akapokea sahani yake kwa kuinua macho, akasema "asante, mwanangu," na mkwe akasema "haya," basi. Mambo yakawa hivyo mpaka msimu ukageuka.

Kisha ikaja asubuhi moja mkwe akachelewa. Alikuwa anatafuta kiatu cha pili, anatukana kwa sauti ya chini, mtoto bado yuko kitandani. Alikipata, akafika mlangoni, akasimama. Alifungua begi. Aliichukua ile ya kahawia pamoja na chupa akaviweka mikononi mwa Bi Mwiko, bila kumtazama.

"Mpe mara mbili," alisema. "Asukutue baadaye."

"Mara mbili," Bi Mwiko alisema.

Mlango ukafungwa. Bi Mwiko alimwamsha mjukuu, akamkalisha, akatikisa dawa. Aliisukuma chupa kwa haraka hadi ikagonga meno ya mtoto.

"Bibi, pole pole."

"Nyamaza uvute."

Akavuta. Akavuta tena. Akasukutua, akatema dirishani, kitu kilichokuwa mwiko, na bibi hakusema neno. Kisha mtoto akarudi kitandani kumalizia usingizi wake, akajikunja kuelekea ukutani.

Bi Mwiko akaketi pembeni ya godoro. Akasikiliza. Hapakuwa na mlio wowote; dawa ilikuwa imefanya kazi yake, kifua kilikuwa safi, pumzi inaingia na kutoka bila hata mkwaruzo. Kilikuwa kimya cha mtoto mzima wa afya. Kwa masikio yake hakikuwa na tofauti na kile kingine. Alikaa akingoja kizoeleke, hakikuzoeleka. Jikoni chungu kilianza kuchemka, kikapandisha povu, kikamwagikia motoni. Hakuinuka. Aliweka kiganja mgongoni mwa mtoto, akauhisi unapanda, unashuka, na bado hakuridhika.

"Shomoro."

"Mm."

"Zungumza."

"Nizungumze nini, bibi? Nina usingizi."

"Chochote. Usininyamazie tu."

Mtoto aligeuka akamtazama uso ule mkubwa uliokuwa umeinamia wake. Hakuuliza tena. Akaanza kumweleza, kwa sauti nzito ya usingizi, habari za mbio za jana, nani alianguka, nani alidanganya, nani alilia, akaendelea na kuendelea, na Bi Mwiko akakaa pale pale, chungu kinaungua, akimwambia kila alipopunguza sauti, "Halafu? Halafu ikawaje?"